Sura ya Saba: Mlango Mmoja, Wabishaji Wawili

Jumapili hiyo jengo zima lilikuwa la Bi Tena peke yake. Mlinzi wa getini alimfungulia, akamwonyesha swichi za taa, akarudi kwenye redio yake, na tangu hapo hakikusikika kiatu koridoni ila chake. Maabara ilikuwa ghorofa ya pili. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza ili wafagiaji wapite, na kwenye meza ya katikati ilikaa mashine moja ya kufuatilia moyo, imevuliwa kifuniko cha nyuma, waya zake nje.

Jina hilo la Bi Tena alipewa na mafundi aliowahi kuwasumbua. Kila jaribio likiisha alisema neno hilo hilo. Kengele imelia? Tena. Imelia vilevile? Tena. Wenzake wa rika lake walikuwa wameshapanda vyeo hadi kazi yao ikawa kusaini tu, na yeye bado alikuwa anapiga magoti chini ya meza za watu akitafuta waya. Alikuwa mkaguzi wa mashine, mpelelezi kama wapelelezi wengine, ila washukiwa wake hawana miguu ya kukimbilia.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuibeba. Mzee mmoja, mwashi asiye na ndugu wa kumtembelea, alikata roho katika wadi ndogo ya kitanda kimoja huku mashine iliyo ubavuni mwake ikiwa kimya. Kampuni iliyotengeneza mashine, yenye maabara hii, ikasema mashine ni nzima. Kama haikulia, basi nesi wa zamu alichomoa waya za kifuani apate kupumzika bila kelele, akazirudisha alipoona mambo yameharibika. Nesi akasema hakugusa waya hata moja. Kesho asubuhi baraza la wauguzi lingekaa, na likimwona ana hatia lingemnyang'anya leseni, na baada ya leseni wangekuja polisi. Bi Tena aliitwa na chama cha wauguzi dakika za mwisho, kama watu wanavyomwita fundi bomba maji yakishafika sebuleni.

Akabonyeza kisanduku cha kuigiza mapigo. Kisanduku kile kiliidanganya mashine kwamba kuna moyo mbele yake, na moyo huo sasa unapoteza mwendo. Kengele ikalia sawasawa, ikajaa chumba kizima. Akaizima.

"Tena," alisema, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Spika ilikuwa nzima. Betri ilikuwa nzima. Kitufe cha kunyamazisha kilikuwa kinanyamazisha kwa muda mfupi tu na kuachia chenyewe, kama kitabu cha maelekezo kilivyosema. Aliitikisa mashine, akaipasha joto kwa kikaushia nywele alichotoka nacho nyumbani, akaichomoa umeme na kuirudisha. Ililia kila mara. Shahidi wa aina hiyo ndiye humvunja mpelelezi moyo, yule anayejibu swali lolote vizuri mno.

Aliyeandika programu ya mashine alifika baadaye kidogo, amevaa kandambili na uso wa mtu aliyekatiziwa Jumapili yake. Wenzake walimwita Dakika Mbili, kwa sababu ukimuuliza kazi yoyote itachukua muda gani hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

"Bado unaibishia tu?" aliuliza, akishusha kiti. "Mama, tumeijaribu hii mashine mwaka mzima. Ni nzima."

"Kama ni nzima utakuwa umerudi kwako mapema. Keti. Nieleze kama unayemweleza bibi yako. Moyo ukiharibika, mashine inajuaje?"

Dakika Mbili akavuta pumzi. "Ndani kuna kiini cha mfumo. Ndiye mkubwa. Kazi zake ni nyingi, kuchora skrini, kuhesabu, kutunza saa. Hakiwezi kuzunguka kila mara kikiuliza kila kifaa kama kina jambo. Kwa hiyo kifaa chenye jambo ndicho kinachokibishia hodi. Hodi hiyo tunaiita katizo. Kiini kinaacha kilichoshika, kinamwita msimamizi wa kifaa hicho, yule tunayemwita kiendeshi, anashughulikia, halafu kazi inaendelea."

"Na kila kifaa kina mlango wake?"

"Vingi." Akajikuna shingo. "Milango haikutosha. Kadi ya moyo, ile inayosoma mapigo, na printa ya kuchapa mchoro wake vinatumia mlango mmoja."

Bi Tena alikuwa anafunga skrubu. Akaiacha.

"Mlango mmoja, wabishaji wawili," alisema. "Kiini kinajuaje nani amebisha?"

"Kinauliza. Kinaanza na kiendeshi cha printa: ni wewe? Akisema siyo mimi, kinamuuliza wa moyo. Wa moyo akisema ni mimi, kengele inalia. Ni jambo la kawaida, mashine kibao duniani zinafanya hivyo."

"Kwa nini kinaanza na printa?"

"Ndiyo iliyojiandikisha kwanza. Haina maana yoyote."

Bi Tena alikwishawahi kusikia maneno hayo, haina maana yoyote, katika kesi nyingi, na mara nyingi yalikuwa na maana. Akamkalia kooni. Je, printa ikiwa katikati ya kuchapa mchoro mrefu, haiwezi kuushikilia mlango mpaka moyo ukabisha bila kusikilizwa? Dakika Mbili akasema haiwezekani. Bi Tena akasema waone. Wakaiamuru printa ichape mchoro mrefu kupita wote, na karatasi ilipokuwa inatambaa mezani na kumwagika sakafuni, akaufisha ule moyo wa uongo. Kengele ilichelewa kufumba na kufumbua, kisha ikalia kama kawaida. Wakarudia mara kadhaa. Ililia.

Aliichukua ile karatasi ndefu sakafuni akaikunja polepole. Alikuwa amelitegemea sana wazo hilo. Alikuwa amelilalia usiku mzima, na lilipokufa alijisikia kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, gari limeondoka.

"Si nilikwambia," alisema Dakika Mbili, ila bila ushindi. Hakuwa mtu mbaya. "Huyo nesi wenu, mama, mimi namhurumia. Lakini watu huchoka. Mtu akichoka huchomoa waya."

"Umewahi kuzungumza naye?"

"Mimi? Kwa lipi?"

"Wala mimi," alisema Bi Tena. "Nimesoma maelezo yake tu, na maelezo aliyaandika mwanasheria."

Akachukua mkoba wake.

Nesi alikuwa anaishi chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi lililofungwa kwa siku hiyo. Alifungua mlango kabla hodi haijaisha. Sare zake mbili zilikuwa zimepigwa pasi na kutundikwa ukutani, ingawa alikuwa amesimamishwa kazi na hakuna aliyemtaka azivae. Kitanda, jiko dogo, kiti kimoja. Alimpa mgeni kiti akakaa yeye kitandani, mikono mapajani, kama aliye mbele ya baraza tayari.

"Umekuwa na mtu hapa siku hizi?" Bi Tena aliuliza.

"Wenzangu wameambiwa wasizungumze na mimi mpaka kesi iishe. Dada yangu yuko mbali. Anapiga simu, lakini nikiisikia sauti yake nalia, kwa hiyo sipokei." Akatabasamu kidogo. "Wewe ndiye wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho, mama."

Bi Tena alilifahamu tabasamu hilo. Hata kwake kulikuwa na kiti kisichokaliwa, ila yeye alishakizoea mpaka akawa anawekea nguo. Akaona afadhali aanze kazi.

"Usinieleze kama ulivyomweleza mwanasheria. Nieleze ulivyotembea. Ulikuwa wapi mzee alipozidiwa?"

"Stoo."

"Kwenye maelezo imeandikwa 'alitoka wadini kwa muda'. Stoo ulifuata nini?"

"Karatasi. Karatasi ya mashine ilikuwa imeisha." Nesi akainua macho. "Nilimwambia mwanasheria. Akasema tusiiweke, itaonekana nilimwacha mgonjwa kwa ajili ya karatasi. Lakini ndiyo sheria ya wadi. Daktari akipita asipokuta mchoro wa usiku, mtu anamwaga unga."

"Ulijuaje imeisha?"

"Kuna taa ndogo ya rangi ya chungwa pembeni ya printa. Inawaka, haizimi mpaka uweke nyingine. Mzee alikuwa anapumua vizuri, nikapima mapigo kwa mkono wangu mwenyewe kabla sijatoka. Nikajua hata akibadilika mashine itaniita, stoo iko koridoni hapo hapo. Mwenye ufunguo alikuwa hayupo. Nikangoja. Masikio yangu yote yalikuwa wadini, mama. Kimya."

"Halafu ukarudi."

"Nikarudi, nikafungua kifuniko, nikaweka karatasi, nikafunga. Nilipofunga tu, kengele ikalia. Nikageuka. Alikuwa ameshakuwa wa baridi miguuni. Niliita watu, nilimkandamiza kifua mpaka mikono ikaisha nguvu. Wanasema ililia kwa sababu ndiyo kwanza nilirudisha waya."

Bi Tena alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini.

"Rudia hapo. Ililia kabla hujafunga kifuniko, au baada?"

"Baada."

"Muda gani baada?"

"Palepale. Kilipogonga tak, ikalia. Nilidhani nimeharibu kitu."

"Na wakati kifuniko kiko wazi?"

"Kimya, mama. Nimekwambia. Kimya tangu koridoni."

Bi Tena alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitaka kumkumbatia huyu binti na hakujua mtu anaanzia wapi. Akamshika bega tu, kwa nguvu kidogo kuliko alivyokusudia.

"Weka simu karibu," alisema. "Na nikipiga mimi, pokea."

Dakika Mbili alikuwa bado maabara, anafagia vipande vya karatasi kwa mguu. Bi Tena alipita moja kwa moja hadi kwenye mashine, akafungua kifuniko cha printa, akatoa karatasi. Taa ya chungwa ikawaka.

"Lini mara ya mwisho mliijaribu mashine hii bila karatasi?"

"Bila karatasi?" Akacheka. "Hapa haiwezekani. Hapa kila anayetoka jioni lazima ajaze karatasi mashine zote. Ukiiacha mashine bila karatasi unawanunulia wenzako chai wiki nzima. Tumezoea hivyo tangu tunaanza."

"Kwa hiyo hamjawahi."

Kicheko kilikoma. "Hatujawahi."

Bi Tena akachukua waya mwembamba wenye kitaa kidogo kichwani, akaunasa kwenye ule mlango wa pamoja, ili kila hodi itakayobishwa iwashe kitaa kabla ya programu yoyote kusema neno. Kisha akamwachia Dakika Mbili kisanduku.

"Ua moyo," alisema.

Dakika Mbili akabonyeza. Mstari wa skrini ukaanza kuyumba. Kitaa cha waya kikamemeta. Kikatulia, kikamemeta tena. Kadi ya moyo ilikuwa inabisha, na ikiona haijibiwi ilipumzika kidogo na kubisha upya. Walisimama wawili hao wakikitazama. Chumba kilikuwa kimya kabisa, mpaka redio ya mlinzi kule chini ikasikika.

"Weka karatasi," alisema Bi Tena.

Karatasi ilimponyoka kijana mara ya kwanza. Alipofunga kifuniko kikagonga tak, na kengele ikapasua hewa. Aliruka nyuma kama aliyeunguzwa.

"Tena," alisema Bi Tena.

Wakafanya tena, na tena. Karatasi ikiwepo, kengele. Karatasi isipokuwepo, kitaa kinamemeta na hakuna sauti. Baada ya hapo alimvutia kiti, akamkalisha mbele ya kompyuta yake.

"Nifungulie kiendeshi cha printa. Nataka nimsikie anavyojibu anapoulizwa."

Dakika Mbili alifungua. Hakuhitaji kutafuta, alikuwa ameshajua ni mstari gani. Akaunyooshea kidole bila kuusoma.

"Akiulizwa kama ni yeye aliyebisha," alisema taratibu, "anaangalia alama zake, vijibendera vya ndani vinavyoonyesha hali yake. Kama kuna alama yoyote imesimama, anasema ni mimi."

"Na karatasi ikiisha?"

"Alama ya karatasi inasimama. Inabaki imesimama mpaka mtu aweke nyingine."

"Kwa hiyo muda wote huo, akibisha yeyote mlangoni..."

"Printa inasema ni mimi. Kiini kinaridhika, hakimuulizi mwingine." Alifunika uso kwa viganja. "Moyo unabisha, printa inaitikia."

"Ilikuwa hivyo tangu mwanzo?"

"Hapana." Sauti ilitoka katikati ya vidole. "Mwanzo printa ilikuwa inajibu tu ikiwa imebisha kweli. Lakini ilikuwa na hodi za ovyo. Inabisha, ukiiuliza inasema siyo mimi, ukimuuliza wa moyo anasema siyo mimi. Kiini kikibishiwa sana bila mwenyewe kujitokeza kinaandika 'hakuna aliyejali', kisha kinaufunga mlango moja kwa moja. Tulikuwa tunakabidhi mashine wiki hiyo. Nikaona, dawa ni mtu mmoja aitike. Nikaiambia printa, ukiona alama yoyote, itika. Ule ujumbe ukapotea. Bosi akanipa mkono."

"Ilichukua muda gani?"

Alijibu kwa sababu alikuwa mtu mkweli.

"Dakika mbili."

Hakuna aliyecheka. Bi Tena alikuwa amewaza kwamba siku atakayempata mwenye kosa atakuwa na hasira naye, akaitafuta hasira hiyo na hakuiona. Alimwona kijana mwenye kandambili ambaye alitaka kiini kiache kulalamika. Akamgongagonga mgongoni.

"Mashine hizi ziko wadi ngapi?"

Dakika Mbili akainua kichwa, na woga mpya ukamwingia usoni. Alivuta simu ya mezani, akatafuta namba ya hospitali ya kwanza, akaanza kupiga. "Halo, samahani," Bi Tena alimsikia akisema, "ile mashine ya moyo, taa ya chungwa upande wa kulia, imewaka? Nenda kaangalie sasa hivi, dada. Nangoja. Hapana, usinipigie, nangoja hapahapa." Alipomaliza hiyo akapiga nyingine.

Bi Tena alitoka koridoni na simu yake. Nesi alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Hukuchomoa waya," alisema Bi Tena. "Ninaweza kulionyesha baraza kwa macho yao, na aliyeandika programu atasimama pamoja nami. Karatasi ikiisha, mashine haisikii moyo. Kesho vaa sare, mwanangu."

Bi Tena alingoja kilio cha furaha, au asante, au hata simu kukatwa.

"Kwa hiyo ilikuwa inaita," alisema nesi.

Bi Tena angeweza kusema hapana. Hakuna aliyekuwa karibu, na ingekuwa huruma. Lakini alikuwa ameishi maisha yake yote kwa kutosema hivyo.

"Ilikuwa inaita. Ila haikukufikia wewe wala mtu yeyote."

"Hata nilipokuwa naweka karatasi?"

"Hata hapo."

Maabarani Dakika Mbili alikuwa anapandisha sauti, anamsihi mtu aende akaangalie. Bi Tena aliketi sakafuni, mgongo ukutani, magoti yakimlaumu. Hakuwa mtu wa kukaa kwenye simu, akimaliza neno lake hukata, na dada zake na wapwa zake walishazoea. Hakukata.

"Niko hapa," alisema. "Zungumza, au usizungumze."

Alisikia kitanda kikilia, kama mtu aliyejilaza kisha akaona hawezi kulala.

"Nilidhani amelala, mama," alisema nesi. "Niliingia kwa kunyata. Nilifungua kile kifuniko kwa vidole viwili, polepole, nisimwamshe."